Historia ya Kipwe wa Uluguru

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo kuanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: Uluguru, kipwe, kielelezo, makumbusho, chanzo, hifadhi.)

Wale mlio darasani, kaeni mahali mtakapoweza kusikia vizuri, na kila mmoja awe na karatasi yake mkononi. Maneno yote nitakayosema yamechapwa humo. Fuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukipotea, usiwe na wasiwasi. Sikiliza tu mpaka tutakapopumzika, kisha mwulize jirani yako.

Neno historia hutufanya tufikiri habari za wafalme, habari za vita na habari za mikataba. Leo nitawapeni historia ya ndege. Labda mzee mmoja hapo darasani anacheka na kusema, "Mwalimu huyu amekosa habari! Ndege naye ana historia?" Ndiyo, mzee wangu, anayo. Tunaweza kuuliza: Nani alimwandika kwanza katika vitabu? Mwaka gani? Zamani makao yake yalikuwa makubwa kiasi gani, na sasa yamebaki kiasi gani? Nini kiliyapunguza? Majibu ya maswali hayo ndiyo historia.

Tena ndege wetu wa leo hakai kila mahali kama kunguru au shomoro. Anakaa katika milima mmoja tu wa dunia nzima, yaani milima ya Uluguru katika Tanzania. Kwa hiyo historia yake imefungamana na historia ya watu wa milima ile. Mwisho wa somo mtaona kwamba imefungamana hata na maji ya kunywa ya watu wa Dar es Salaam.

1. Milima yenyewe

Mtu akisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda bara, baada ya mwendo wa kilomita 190 hivi hufika mji wa Morogoro. Akitazama upande wake wa kushoto ataona milima mirefu imesimama kama ukuta nyuma ya mji. Hiyo ndiyo Uluguru. Kilele kinachotazama mji huitwa Lupanga, na urefu wake ni mita 2,138 juu ya usawa wa bahari. Huko kusini vipo vilele vinavyopita mita 2,600.

Siku nyingi msafiri hakioni kilele cha Lupanga, kwa sababu kimefunikwa na wingu. Lishike sana neno hili, wingu, kwa maana ndilo mwanzo wa habari yetu yote. Upepo hutoka Bahari ya Hindi ukichukua mvuke. Unasafiri juu ya nchi tambarare bila kizuizi, kisha unakutana na Uluguru. Hapo upepo hauna njia ila kupanda. Ukipanda, unapoa. Ukipoa, mvuke wake unageuka kuwa wingu, na wingu linageuka kuwa mvua. Upande wa mashariki wa milima, unaotazama bahari, kuna mahali panapopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka.

Mvua hiyo imelea msitu mkubwa wa mlimani. Miti yake imevaa kuvu na majani madogo ya kijani kama mtu aliyevaa blanketi. Maji hudondoka hata siku isiyo na mvua, kwa sababu majani hukamata ukungu. Chini ya miti ardhi ni laini, nayo hunywa maji polepole na kuyatoa polepole. Ndiyo maana vijito vya Uluguru havikauki upesi wakati wa kiangazi. Vijito hivyo hukutana na kuwa mto Ruvu. Chanzo cha Ruvu, yaani mahali unapoanzia, ni huko huko juu.

Wenyeji wa milima hii ni Waluguru. Kwa desturi yao ya asili, mtu huhesabu ukoo wake kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Ni wakulima hodari, wanaoweza kulima mahali ambapo mtu wa nchi tambarare hawezi hata kusimama.

2. Ndege mwenyewe

Sasa tumtazame ndege wetu. Kipwe ni jina la jamaa ya ndege wenye mdomo wa nguvu, ambao ncha yake imepinda kidogo kama ndoana. Wapo vipwe wa aina nyingi katika Afrika, na wengine hukaa vichakani karibu na nyumba zetu. Huyu wa leo tutamwita kipwe wa Uluguru.

Urefu wake, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni sentimita 24 hivi. Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30. Ndege huyu ni mfupi kidogo kuliko rula hiyo. Kichwani amevaa kofia nyeusi. Mgongo na mabawa yake ni ya kijani cha majani. Kifua na tumbo ni manjano, manjano ya kung'aa kama embe lililoiva. Mdomo wake ni mweusi na mnene.

Huenda mtu akafikiri kwamba ndege mwenye rangi kama hizo huonekana upesi. Sivyo. Kipwe wa Uluguru hukaa juu kabisa, katika majani ya vilele vya miti mirefu. Mtu akiwa chini anamtazama kwa kuinua kichwa mpaka shingo inauma, na pale juu manjano ni kama mwanga wa jua upitao katikati ya majani, na kijani ni kama majani yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kupita chini yake mara kumi asimwone.

Chakula chake ni wadudu. Ndege wa jamaa yake hupekua majani na magome ya miti, wakakamata viwavi, panzi, na wadudu wenye gamba gumu. Ule mdomo mnene una kazi hiyo, kulivunja gamba. Mara nyingine kipwe hufuatana na ndege wa aina nyingine katika kundi moja. Kundi linapopita, wadudu hushtuka na kukimbia. Yule aliyemkimbia ndege wa kwanza hukamatwa na ndege wa pili. Tena macho mengi yakiwa pamoja huona adui upesi kuliko macho mawili. Ni ushirika wa msituni.

Basi, kama haonekani, anajulikanaje? Anajulikana kwa sauti. Hupiga miluzi inayofika mbali. Wataalamu wa ndege wa msituni husikiliza kwanza, ndipo wanapotazama. Ni kama wewe unavyojua mgeni aliyeko mlangoni kwa sauti ya hodi yake kabla hujamwona uso.

(Pumzikeni kidogo. Mwalimu wa darasa aulize: Kipwe wa Uluguru ana rangi gani? Anakula nini?)

3. Kwa nini anakaa Uluguru peke yake

Sasa swali. Ndege ana mabawa. Kwa nini asiruke akaenda kukaa mahali pengine?

Fikirini kisiwa cha Pemba. Pemba ina njiwa wake wa kijani na bundi wake mdogo, ambao hawapatikani mahali pengine duniani. Bahari imewazunguka, nao kwa muda mrefu sana wamezaana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakawa aina ya pekee. Hilo ni rahisi kulielewa, kwa sababu bahari tunaiona.

Uluguru nayo ni kisiwa, lakini bahari yake ni nchi kavu. Zamani za kale sana, misitu ya Afrika ilienea kuliko sasa. Baadaye zilikuja nyakati za ukavu, na misitu ya nchi za chini ikafa. Katika milima michache iliyopata upepo wa Bahari ya Hindi, mvua haikukoma, na misitu ikabaki. Ndivyo ilivyokuwa Uluguru, Usambara, na milima mingine ya mashariki ya Tanzania, pamoja na milima ya Taita katika Kenya. Ndege na wadudu waliozoea baridi na unyevu walibaki juu, kila mlima na watu wake, tuseme hivyo. Chini palikuwa na joto, nyasi na vichaka. Kwa ndege wa msitu wa mlimani, nchi ile ya chini ni kama bahari kwa kuku.

Mtaalamu mmoja aliyejitahidi sana kuieleza habari hii aliitwa Reginald Moreau, Mwingereza. Alifanya kazi Amani, katika Usambara, tangu mwaka 1928 hadi miaka ya 1940. Hakufanya kazi peke yake. Katika kukusanya ndege na kutafuta viota vyao alisaidiwa na Mwafrika aliyeitwa Salimu Asmani, mtu mwenye macho makali na maarifa ya msitu. Vitabu vingi humtaja Moreau, lakini wanahistoria siku hizi wanatukumbusha kwamba elimu ile ilipatikana kwa mikono na masikio ya watu kama Salimu.

4. Jinsi alivyoingia katika vitabu

Waluguru walikuwa wakiishi na ndege hawa kwa vizazi vingi. Kwa hiyo tunaposema ndege "aligunduliwa" mwaka fulani, hatuna maana kwamba kabla ya hapo hakuna aliyemjua. Maana yake ni kwamba mwaka huo aliandikwa katika vitabu vya elimu na kupewa jina ambalo wataalamu wa nchi zote hulitumia.

Mwaka 1926 alikuja Uluguru Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Loveridge. Hakuwa mgeni kabisa katika nchi hizi. Alifika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika jumba la makumbusho, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi ya wanyama pori katika Tanganyika. Mwaka 1924 alikwenda Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard. Makumbusho ni jumba wanamoweka vitu vya kale au vitu vya elimu, ili watu waje kuvitazama na kujifunza. Sasa alirudi kukusanya vielelezo.

Kielelezo ni nini? Ni mnyama, ndege, mdudu au mmea uliochukuliwa na kuhifadhiwa ili wataalamu waweze kuuchunguza. Ndege hupigwa, huchunwa, ngozi yake hujazwa pamba, na mguuni hufungwa kikaratasi chenye mahali na tarehe. Sisi leo tunaweza kuona ni jambo la ukali kumwua ndege ili kumjua. Lakini zamani zile hapakuwa na njia nyingine ya kuonyesha kwa hakika kwamba ndege fulani ni tofauti na wengine.

Katika vielelezo vya Loveridge kutoka Uluguru alikuwamo kipwe mwenye kofia nyeusi. Mwaka 1927 mtaalamu wa ndege wa Marekani, Herbert Friedmann, alimlinganisha na vipwe wengine waliojulikana, akaona hafanani nao. Akamwandika kuwa aina mpya, akampa jina Malaconotus alius. Jina hilo ni gumu kulisoma, lakini maana yake ni rahisi. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, maana yake ni "mwenye mgongo laini", kwa sababu vipwe wa kundi hili wana manyoya laini mgongoni. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "mwingine". Kwa hiyo ndege wetu ni "mgongo laini mwingine".

Hakuwa peke yake. Mwaka 1922 chozi mmoja wa milima hiyo hiyo, ndege mdogo anyonyaye maua, alikuwa amepewa jina la Loveridge mwenyewe. Mwaka 1938 Moreau aliandika habari za ndege mwingine wa Uluguru, mwenye kichwa chekundu cha hudhurungi, akampa jina la mke wake, Winifred. Wataalamu wa nchi za mbali wakaanza kutambua kwamba milima hii ina hazina.

Lakini kipwe hakuonekana tena kwa urahisi. Kwa miaka mingi alijulikana kwa vielelezo vichache tu vilivyolala katika madroo ya makumbusho. Watu walipanda Uluguru, wakakaa siku nyingi katika mvua, wakashuka bila kumwona. Kosa halikuwa la ndege. Yeye alikuwa juu ya miti, mahali pake pa siku zote.

(Pumzikeni. Mwalimu wa darasa aulize: Neno "alius" maana yake nini? Loveridge alifika Uluguru kukusanya vielelezo mwaka gani?)

5. Msitu na shamba

Sasa tunafika mahali pa kufikiri sana.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipotawala nchi hii, waliweka mipaka kuuzunguka msitu wa juu wa Uluguru, wakakataza watu kulima ndani yake. Waingereza waliokuja baadaye waliishika mipaka hiyo. Msitu ulio ndani ya mpaka ukaitwa hifadhi, yaani mahali panapolindwa. Chini ya mpaka paliachwa kwa wakulima.

Zamani msitu haukuishia kwenye mpaka. Ulishuka chini zaidi, hasa upande wa mashariki. Lakini watu waliongezeka. Mtu mwenye watoto sita hawezi kuwagawia shamba lile lile alilolima babu yake peke yake. Kwa hiyo miti iliyokuwa nje ya mpaka ikakatwa kidogo kidogo, na mahali pake pakalimwa mahindi, ndizi, maharage na mpunga wa mlimani. Hata pale Bunduki, katikati ya milima, mashamba yaliutenga msitu wa kaskazini na msitu wa kusini. Kipwe wetu alibaki zaidi katika ule wa kaskazini.

Shamba la mtelemko lina hatari yake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ardhi isiyo na miti, maji hayapati nafasi ya kunywewa. Hukimbia, na yakikimbia huchukua udongo. Mkulima hupoteza shamba lake bila kuibiwa na mtu. Mto huwa mwekundu wakati wa mvua na mwembamba wakati wa kiangazi.

Serikali ya Kiingereza iliona hatari hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba mashamba yao yawe kama ngazi, ili maji yasikimbie. Kwa shauri la karatasini lilikuwa jambo jema. Katika shamba mambo yalikuwa mengine. Kuchimba ngazi ni kazi nzito sana, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Udongo mzuri wa Uluguru mahali pengi ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, na kuleta juu udongo usio na rutuba. Watu waliona wamefanya kazi mara mbili na kuvuna nusu. Wengine waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa na wageni. Asiyechimba alitozwa faini.

Mwaka 1955, huko Matombo, hasira ikalipuka. Watu wengi walikusanyika kuukataa mpango, polisi wakaja, risasi ikapigwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali iliacha kuwalazimisha watu kuchimba ngazi.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili tulifikirie kwa utulivu. Serikali ilikuwa na haki kusema kwamba ardhi inakwenda na maji. Wakulima walikuwa na haki kusema kwamba ngazi zile zinawaua kwa njaa. Kosa kubwa lilikuwa moja. Wale waliojua udongo hawakuulizwa. Wahenga walisema, penye nia pana njia. Lakini nia ya mtu mmoja haiwi njia ya watu wengi mpaka wakae chini wazungumze.

6. Kuhesabu waliobaki

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mji wa Morogoro ulikua, na Dar es Salaam ikakua zaidi. Mji mkubwa hutaka mboga, mkaa na mbao, na sehemu ya vitu hivyo ilitoka Uluguru. Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ilijulikana kwa kabichi, karoti na viazi vinavyouzwa katika masoko ya pwani.

Wataalamu wa ndege, Watanzania pamoja na wageni, waliendelea kupanda milima. Safari hizi hawakuja kwa bunduki. Walikuja na darubini, daftari na masikio. Mwaka 2001 ilitolewa hesabu iliyokadiria kwamba wamebaki vipwe wa Uluguru jozi 1,200 hivi.

Jozi ni wawili, dume na jike. Chukueni kalamu. 1,200 mara 2 ni ngapi? Ni 2,400. Hao ndio wote. Hawapo wengine Kenya, hawapo Kongo, hawapo katika nchi yo yote. Siku ya soko katika mji wa Morogoro, watu wanaopita kununua nyanya ni wengi kuliko vipwe wote wa dunia.

Hapo ndipo watu walipoelewa jambo kwa uwazi. Aina ya ndege aliyeenea nchi nyingi, msitu mmoja ukikatwa, atabaki katika msitu mwingine. Huyu hana msitu mwingine. Hawezi kushuka, kwa maana chini hakuna miti mirefu wala wadudu aliowazoea. Kupanda anaweza kidogo, lakini kila mlima una mwisho, na juu ya kilele hakuna kitu ila mbingu.

Mwaka 2008 serikali ya Tanzania iliunganisha misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, ikaifanya kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye eneo la hekta 24,000 na zaidi. Ulinzi wake kwa sheria uliongezwa nguvu.

7. Nani alipe?

Lakini sheria peke yake haitoshi. Tulijifunza hilo Matombo.

Fikirini watu wawili. Wa kwanza ni mama mkulima, shamba lake ni la mtelemko chini kidogo ya mpaka wa hifadhi. Wa pili ni baba anayekaa Dar es Salaam. Kila asubuhi hufungua bomba akachota ndoo ya maji. Maji yale yametoka mto Ruvu, na Ruvu umetoka Uluguru. Mama akiacha kulima kando ya kijito, maji ya yule baba yatakuwa masafi. Lakini mama atakula nini? Akiambiwa, "Usikate mti, unadhuru ndege na maji," atajibu, na jibu lake ni la haki, "Na watoto wangu je?"

Katika miaka ya 2000 ulijaribiwa mpango wa kujibu swali hilo. Mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa Kibungo, katika mashariki ya Uluguru. Wakulima waliokubali kupanda miti, kuzuia udongo na kutolima kandokando ya vijito walilipwa fedha, na mamlaka ya maji ya Dar es Salaam iliingia katika mapatano hayo. Kumbukeni mwaka 1955. Ngazi nazo zilikuwamo katika mpango huu mpya, lakini safari hii mkulima alichagua mwenyewe njia ya kuhifadhi shamba lake, na kazi yake ilikuwa na malipo. Kazi ni karibu moja, lakini moyo wa anayeifanya si mmoja.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha kuwa mema. Mpango ule ulikuwa wa mahali padogo, na milima ni mikubwa. Moto wa kiangazi bado hupanda kutoka mashambani. Mtu mwenye shida bado huingia msituni usiku na msumeno. Lakini njia imeonekana. Anayekunywa chini na anayelima juu ni watu wa jambo moja, nao hawana budi kujuana.

Na kipwe wetu? Yeye hajui habari za mikataba wala faini. Anapiga mluzi wake juu ya mti, anavunja gamba la mdudu, analea makinda yake. Hatuletei faida ya fedha sokoni. Lakini ni kama taa ndogo iliyowekwa juu ya nyumba. Siku tutakaposikiliza Uluguru tusiisikie tena sauti yake, tutajua kwamba msitu umekwisha. Na siku hiyo hatutahitaji mtaalamu kutuambia habari za mto. Tutafungua bomba, tuone wenyewe.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mwisho wa somo letu. Wale mlio darasani, bakini mzungumze maswali haya. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza na kuandika

1. Kwa nini upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Mwalimu alisema Uluguru ni kisiwa. "Bahari" yake ni nini?

3. Kwa nini watu wa Uluguru waliukataa mpango wa ngazi mwaka 1955? Je, serikali ingefanya nini tofauti?

4. Maji mnayokunywa ninyi yanatoka wapi? Watu gani wanakaa karibu na chanzo chake, nao wanaishi kwa kazi gani?

5. Andika sentensi tatu juu ya ndege mmoja unayemjua katika kijiji chako. Anakula nini? Wazee wanasema zamani walikuwa wengi kuliko sasa, au wachache?